Mezani Hakuna Maneno

Mume wangu alikuwa na bunduki saba na suti moja. Nalitanguliza hili ili mtu asije akasema nilikuwa mke mkorofi asiye na sababu. Suti ilikuwa ile ya harusi, imepauka magotini, na bunduki zote saba zilikuwa zimetengenezwa kabla yeye hajazaliwa. Suti ilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Bunduki zilikuwa na kabati lao la chuma lenye kufuli mbili.

Tulikaa Lozells, mtaa wa Birmingham, Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya sabini, katika nyumba mojawapo ya zile za mstari zilizoshikana ukuta kwa ukuta, jirani akikohoa unajua kikohozi chake ni kikavu au cha makohozi. Mimi nilikuwa muuguzi. Nilitoka Taita, Kenya, mwishoni mwa miaka ya sitini kuja kusomea kazi hiyo, nikaagwa nyumbani kwamba nitarudi baada ya miaka mitatu, na mwaka wa tatu nikaolewa. Yeye alikuwa Mbukusu, fundi wa kusugua mitutu katika karakana ndogo ya bunduki karibu na mjini. Tulijuana kanisani, tukiwa kwenye foleni ya chai. Aliniambia anafanya kazi ya vyuma. Sikuuliza vyuma gani, na hapo ndipo nilipojiponza.

Wanaume wengine wakitoka kazini walikwenda baa, au walilala, au walikaa mbele ya televisheni wakagombana nayo. Wangu alitoka kazini kushika bunduki za watu akaja nyumbani kushika zake. Alizipata zikiwa na kutu, kitako kimepasuka, komeo halifungi, akakaa nazo miezi akizisugua. Zilikuwa bunduki za kijeshi za zamani, zile ndefu za mbao na chuma, na mimi nilizijua vizuri. Nilipokuwa mtoto, wakati wa Hali ya Hatari, askari waliolinda kambi ya wafungwa si mbali na kwetu walizibeba begani, na sisi tukiziona tulitoka barabarani tukaingia kwenye mkonge. Leo mwanamume niliyemkubali mbele ya madhabahu alikuwa anazipaka mafuta kwa kitambaa alichokikata kwenye gauni langu la kulalia. Nikamwambia, "Hizo zilitengenezwa kututoboa sisi." Akasema, "Ndiyo, lakini hebu tazama kazi ya mikono hii." Mtu wa namna hiyo utamfanya nini.

Bunduki zenyewe ningezivumilia. Kilichonimaliza ni risasi. Hao wapenzi wa bunduki hawanunui risasi dukani. Kwao kununua risasi ni aibu, ni kama mama wa nyumba anayenunua chapati. Wakishapiga, wanainama. Nimewaona kwa macho yangu, watu wazima, wengine na wajukuu, wakitambaa nyasini kuokota maganda ya shaba, kila mmoja akichungulia asije mwenzake akamchukulia lake. Ganda linapelekwa nyumbani, linasafishwa, linarudishwa umbo lake kwa mashine ya mkono iliyofungwa ukingoni mwa meza, linatiwa fataki mpya kwenye kitako, linatiwa baruti iliyopimwa, kisha linazibwa kwa kichwa cha risasi. Halafu wanakwenda kuipiga, wanainama tena, wanaanza upya. Mimi nilikuwa nafua nepi kwa mzunguko huohuo, na hakuna mtu aliyewahi kuniita bingwa.

Vichwa vya risasi alivisubu mwenyewe kwa madini ya risasi yaliyobanduliwa kwenye paa za nyumba zilizobomolewa, na alivisubu jikoni kwangu. Siku ya kwanza aliyayeyusha kwenye sufuria yangu ya ugali. Nilirudi kutoka wodini nikakuta harufu ya ajabu na yeye amesimama mbele ya jiko na miwani ya karakana, ametulia kabisa. Nikamwambia mimi ni mjamzito na nimesomea sumu. Akaomba radhi, akaifanya ile sufuria yake moja kwa moja, akaninunulia nyingine. Ilikuwa ndogo kuliko ile.

Meza yake ilikuwa chumba cha nyuma, na meza hiyo ilikuwa na sheria moja: mezani hakuna maneno. Mbele yake kulikuwa na kibao chenye matundu thelathini, na katika kila tundu alisimamisha ganda lililokwisha kutiwa fataki. Alijaza mstari kwa mstari, kwa kipimo kidogo cha shaba, midomo ikihesabu bila sauti. Ukimsemesha hapo, hakugeuka. Aliinua kidole kimoja tu, namna ya mwalimu, akaendelea.

Sheria hiyo ilikuwa na maana, sitamsingizia. Alinieleza mwenyewe siku za mwanzo, nilipokuwa bado nauliza. Risasi hizi za kulengea karibu zilitiwa baruti kidogo sana, ilifunika chini ya ganda tu, nafasi kubwa ikabaki tupu. Ukisahau kutia, kichwa kinakwama ndani ya mtutu. Ukitia mara mbili, haimwagiki, ganda linapokea na linanyamaza. "Halafu ukiipiga," akasema, "chuma kinapasuka, na uso wako uko papo hapo nyuma yake." Ndiyo maana kabla ya kuziba alichukua tochi, akamulika ganda moja moja, akilinganisha kina cha baruti. Ikimtatiza hata moja, alimwaga zote akaanza upya. Nilimwambia hata mgonjwa wa moyo simwangalii hivyo. Akajibu kwamba pengine ningefaa kumwangalia hivyo.

Polisi alikuja kukagua kabati kabla ya leseni kutolewa. Alitikisa kufuli mara moja, kisha akakaa kitako akauliza nyumba ni ya nani, tunakaa wangapi, na hawa wanaoimba jioni ni akina nani. Nikamwambia ni kwaya ya kanisa, inafanya mazoezi. Aliandika hilo kwenye daftari. Kabati hakuliandika.

Kilabu chao kilikuwa machimboni, huko mbele ya Great Barr, katika shimo la zamani la kuchimbia mawe. Katibu wake alikuwa mzee mmoja mwenye masharubu, aliyekuwa amekaa Kenya ujanani akiwa mwanajeshi. Mara ya kwanza nilipokutana naye alinieleza Kenya ilivyo kwa dakika ishirini nzima, na mimi niliyezaliwa huko nikaitikia. Mume wangu, yule mzee alimwita "kijana wetu". Kijana mwenyewe alikuwa na mvi. Kwa miaka miwili kijana wao aliwanyooshea mitutu yao, aliwabadilishia springi, alifagia kibanda chao, na kila timu ilipochaguliwa yeye alichaguliwa kubeba mbao za shabaha. Nilikuwa namwambia, "Baba, hao wanakutumia." Alikuwa ananijibu, "Mama, ngoja."

Basi akangoja, na ikaja. Kulikuwa na mashindano ya bunduki za zamani dhidi ya kilabu cha upande wa pili wa mji, kila mtu na bunduki aliyoitengeneza na risasi alizojijazia mwenyewe, risasi thelathini, kumi kumi mara tatu. Mzee mmoja wa timu mgongo ulimshika, nafasi ikabaki wazi, na katibu akamkumbuka kijana wake. Mume wangu alirudi nyumbani siku hiyo akanieleza habari hiyo akiwa bado amesimama mlangoni na kofia kichwani. Nilimpongeza. Moyoni nilisema, kumbe mgongo wa mtu ndio umekuchagua.

Wakati huo mama yangu alikuwa nasi. Nilikuwa nimejifungua mtoto wetu wa kwanza, na mama alipanda ndege kwa mara ya kwanza maishani kuja kunitunza uzazini. Hapa lazima nieleze jambo la kina mume wangu. Kwao, mwanamume na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja, hawapeani mkono, hawapishani mlangoni. Ni heshima kubwa, na kwao ina nafasi yake: boma ni pana, njia ni mbili tatu, na kuna migomba ya kupitia nyuma yake. Sisi Lozells tulikuwa na chumba cha mbele, chumba cha nyuma na jiko, vimefuatana, na mwisho wa yote, uani, choo. Mama alikaa chumba cha mbele. Ili afike chooni hakuwa na njia ila kupita chumba cha nyuma, kwenye meza ya baruti. Na baridi ya Birmingham ilikuwa imemshika mama kwenye kibofu.

Basi tukabuni utaratibu. Mama akitaka kupita, anakohoa kutoka chumba cha mbele. Mume wangu anaacha kila kitu, anaingia ngazini na kujifungia mlango, kwa kuwa ngazi zetu zilianzia chumba hicho cha nyuma na zilikuwa na mlango wake. Mama anapita, anakwenda uani, anarudi, anapita tena, mimi nabisha mlango wa ngazi, yeye anatoka. Mara saba, mara nane kwa siku. Mama aliona ni kichekesho. "Mwambie mkwe wangu asisumbuke, mimi mwanamke mzee naenda msalani tu." Nikamwambia ndiyo heshima yao. "Heshima ya kukimbilia ngazi? Siku moja atavunjika mguu, nikaambiwa mimi ndiye niliyemvunja." Mume wangu hakucheka hata siku moja. Angeweza kula pamoja na watu waliomwita kijana, lakini kupishana na mama mkwe, ng'o.

Jumamosi ya kuamkia mashindano alikaa mezani baada ya chakula cha mchana. Mimi nilikuwa chumba hichohicho, namnyonyesha mtoto, kwa sababu hita ya mafuta ya taa ilikuwa huko na mafuta yalikuwa yanakwisha. Nikamwambia akimbie akanunue mafuta kabla duka halijafungwa, kesho Jumapili tusije tukaganda na mtoto mchanga. Akainua kidole. Nikangoja kidogo, nikarudia. Akainua kidole tena, bila kugeuka. Nikaangalia saa ya ukutani mpaka ikapita saa ya duka kufungwa. Sitasema nilikasirika kidogo. Nilikasirika mpaka maziwa yakakata.

Alikuwa amefika mstari wa tatu. Alitia ganda la kwanza, akatia la pili, na mama akakohoa. Akaweka kipimo chini, akaruka ngazini. Mama akapita na leso yake kichwani, akakaa huko uani muda wake, akarudi, akapita. Nikabisha mlango. Akatoka, akafuta mikono kwenye suruali, akakaa, akachota baruti, akaimimina kwenye ganda la pili.

Nilimwona. Sikuwa nimesinzia, sikuwa nimegeuka. Nilikuwa namkodolea macho kwa chuki, na mtu ukimkodolea macho kwa chuki huona kila anachofanya. Nikafungua mdomo. Akasikia pumzi yangu tu, akainua kidole.

Nikaufunga. Nikasema moyoni, haya, bingwa. Alimaliza mstari wa tatu, wa nne, wa tano, wa mwisho. Akachukua tochi. Nikasema sawa, sasa ataona mwenyewe, na atamwaga zote aanze upya, na atajua maana ya kuinuliwa kidole. Mama akakohoa. Alikuwa amekunywa chai vikombe viwili. Mume wangu akaweka tochi mezani, akaingia ngazini, na alipotoka alikaa, akachukua kichwa cha risasi cha kwanza, akaanza kuziba. Tochi ilikuwa pale pale kwenye kiwiko chake. Niliitazama tochi, nikamtazama yeye. Aliziba zote thelathini, zikafanana zote. Na niseme kweli, nilikuwa na hasira na nilikuwa naifurahia.

Nilikusudia kumwambia wakati wa chakula cha jioni. Lakini chakula kizima alikuwa anaongea, yeye ambaye hula kimya, habari za upepo wa machimboni na nani atalala mkeka gani akilenga. Kila tonge nilijiambia nikimeza hili nitasema. Nikamaliza sahani. Asubuhi, nikiwa bado nambadilisha mtoto nepi, nikasikia honi ya gari la mwanakilabu aliyekuja kumchukua, na mlango ukafungwa.

Nyumba ilikuwa baridi. Nilimpelekea mama chai chumba cha mbele, akanitazama usoni, akauliza nina nini. Nikamweleza yote, kwanza nikicheka: jinsi alivyoruka, jinsi alivyosahau, mwanamume mzima na "mezani hakuna maneno" yake. Mama hakucheka.

"Umemwambia?" akauliza.

"Bado."

Akaweka kikombe chini, akanyoosha mikono miwili. "Nipe mtoto."

Jumapili mabasi ya kwenda Great Barr yalikuwa machache. Nilisimama kituoni na viatu vyangu vya wodini, kwa sababu ndivyo vilivyokuwa karibu na mlango, na basi lilipokuja lilisimama kila mahali. Nikashuka, nikapita chini ya daraja la barabara kuu mpya, nikapanda njia ya machimboni nusu nakimbia, matiti yananiuma. Nilisikia milio kabla sijaona mtu. Mlio unapigwa, nasimama kusikiliza kama kuna kelele, hakuna, naendelea. Kwa hiyo msinione sikuwa na moyo. Nilikuwa nao, ila subirini.

Walikuwa wamelala mstari mmoja kwenye mikeka, na nyuma yao ubao mweusi ulioandikwa kwa chaki risasi na alama za kila mtu. Mume wangu alikuwa wa mwisho kushoto. Alikuwa amekwisha kupiga nane. Nikaenda moja kwa moja, na katibu akanikatiza njia, masharubu mbele. Akaniambia kwa sauti ya chini, kwa adabu nyingi, "Mstarini hapa, bibie, hakuna maneno." Akanivutia kiti cha turubai. Akanipa kikombe cha chai ya maziwa mengi mno.

Nikakaa. Nikakaa na kikombe.

Ya tisa. Ya kumi. Kukawa na mapumziko, watu wakasimama kunyoosha viungo, na mume wangu akageuka akaniona. Hakuuliza nimefikaje. Alitabasamu kwa uso wote, kwa mara ya kwanza katika kilabu kile, akanionyesha ubao kwa kidevu. Alikuwa anaongoza. Katibu alimpiga begani akawaambia wale wa kilabu kingine, "Huyu ni wetu." Si kijana. Wetu. Nilikuwa hatua kumi kutoka kwake, na watu wanaongea, hakuna sheria ya kimya wakati wa mapumziko. Ningesema maneno matano ya Kiswahili na hakuna mzungu ambaye angeelewa. Lakini niliwaza jinsi watakavyotazama: mke wa Mwafrika amepanda basi na viatu vya wodini kuja kumsimamisha mumewe. Niliwadharau watu wale kuanzia kofia mpaka soli, na kumbe nilikuwa naogopa watanionaje. Nikanywa chai.

Wakalala tena. Ya kumi na moja. Shavu lake lilikuwa limegusa mbao ya kitako, jicho la kulia wazi, la kushoto limefumbwa. Nilikuwa nimewahi kumfunga bendeji mfanyakazi wa kiwandani aliyeingiwa na kipande cha chuma jichoni. Alikuwa ananiuliza kila asubuhi lini tutamfungua, na mimi ndiye niliyejua kwamba chini ya bendeji hakuna kitu cha kufungulia. Ya kumi na nne. Ya kumi na tano. Kila mlio kikombe kiligonga sahani yake, na mama mmoja aliyekuwa karibu nami akaniuliza kama nasikia baridi. Nikasema ndiyo. Ya ishirini, na safari hii hawakusimama kupumzika.

Akaingiza mkono kwenye kisanduku kuchukua ya ishirini na moja, akaitia, akasukuma komeo. Hapo nikasimama. Kikombe kilianguka, nakumbuka sauti yake.

"Baba, usipige," nikasema. "Moja umeitia mara mbili. Mstari wa tatu. Niliona jana."

Hakugeuka upesi. Alikaa vile alivyolala, nikadhani hakunisikia. Kisha akavuta komeo nyuma taratibu, akatoa risasi, akairudisha kwenye kisanduku pamoja na zile tisa, akalaza bunduki, akainuka. Alipiga vumbi la magotini. Alimwendea katibu akamwambia kwa Kiingereza chake kizuri kwamba mtoto anaumwa, samahani sana, inabidi arudi nyumbani. Mtoto. Hakusema mke wangu, hakusema nimekosea, alichukua aibu yote akaifunga vizuri akaibeba peke yake. Katibu alitazama saa yake. Alisema ni hasara, na kwamba ndiyo sababu siku zote wamekuwa waangalifu na watu kama sisi. Mume wangu akasema ndiyo, bwana. Nilitaka kumvuta yule mzee masharubu, lakini nilikuwa sina uso wa kumvutia mtu masharubu siku hiyo.

Ndani ya basi alikaa na bunduki katikati ya magoti, imefunikwa kwenye mfuko wake wa turubai, abiria wakidhani ni fimbo za kuvulia samaki. Kisanduku alikipakata. Lolote ambalo ningemwambia lilipaswa kusemwa jana yake.

Mama aliposikia mlango alirudi chumba cha mbele na mtoto, akajifungia. Mume wangu aliketi mezani, akachukua koleo, akaanza kuzifungua zile kumi, moja moja, akimimina baruti ya kila ganda kwenye karatasi nyeupe. Ya kwanza ilikuwa sawa. Ya pili, sawa. Nilisimama nyuma yake nikiomba, na mniamini, nilikuwa naomba iwe nilikosea, iwe ni macho ya mzazi aliyechoka, hata kama ningekuwa nimemharibia siku yake bure. Ya sita, sawa. Ya saba ilimwaga rundo lililokuwa mara mbili ya mengine, mtoto angeona. Akaliweka kwenye mizani hata hivyo. Sinia la mizani lilishuka mpaka chini likagonga.

Alilitazama. Alikunja karatasi, akamimina ile baruti kwenye mkebe, akafungua ya nane, ya tisa, ya kumi. Hakuacha kazi katikati.

Mama akakohoa.

Mume wangu akainuka, akaingia ngazini, akavuta mlango. Mama akapita haraka, leso imemfunika mpaka machoni, akaenda uani. Nikabaki peke yangu chumbani na mlango wa ngazi, na sauti yake ikatoka nyuma ya zile mbao, ya kawaida kabisa.

"Ulipofika nilikuwa nimepiga ngapi?"

"Nane," nikasema.

"Na uliponiita?"

"Ishirini."

Nilimsikia akihesabu. Midomo yake haikuwa na sauti alipohesabu baruti, lakini hapo gizani alihesabu kwa sauti, polepole, kuanzia moja, akanihesabia kila risasi niliyoikalia na kikombe cha chai mkononi. Alipofika kumi na mbili akanyamaza.

Mama alirudi, akapita, akafunga mlango wake. Nikabisha mlango wa ngazi. Mume wangu akatoka, na hakunipita. Alikwenda mezani, akaokota tochi, akaniwekea mkononi, akavifunga vidole vyangu juu yake kimoja kimoja.

"Kuanzia leo hii ni kazi yako," akasema. "Macho unayo. Mdomo tutautafuta."